SOMO: Pitisha tangazo lako kwenye sheria kabla hujaliachia (na hapana, "vigezo na masharti kuzingatiwa" haikuokoi)

Wakuu, hii naandika mara moja tu ili nikiulizwa tena nimtupie mtu huku nikalale. Kila wiki kuna mtu ananitumia bango lake saa nne usiku, linatoka kesho asubuhi, anauliza "bro hii iko poa kisheria?" halafu chini kabisa kwenye kona, kwa herufi ambazo hata sisimizi angeomba miwani, kaandika Vigezo na Masharti Kuzingatiwa. Anaamini hayo maneno manne ni hirizi. Mimi sio wakili, ni mtu wa matangazo ambaye aliungua, na nitaeleza nilivyoungua.

Hatua ya 1. Jua unauza nini. Dawa, pombe, tumbaku, maziwa ya kopo ya watoto wachanga, mikopo, kamari, hivi vina sheria zake na sehemu nyingi tangazo linahitaji kibali kabla halijatoka. Marekani matangazo ya sigara kwenye TV na redio yalipigwa marufuku kuanzia tarehe 2 Januari 1971, hata liwe linasema kweli tupu. Kama uko kundi hili acha kunisoma mimi, katafute wakili.

Hatua ya 2. Pigia mstari kila kitu kinachoweza kupimwa. "Hakuna kama sisi" ni majigambo, hakuna mzani wa kuyapima. "Inadumu mara mbili zaidi", "inatibu", "nafuu kuliko wote", haya ni madai, na dai linatakiwa liwe na ushahidi mkononi KABLA ya tangazo kutoka, sio uanze kuutafuta ukishaitwa. Waulize Listerine. Miaka mingi walitangaza dawa yao ya kusukutua inazuia mafua, mwaka 1975 tume ya biashara ya Marekani (FTC) ikawaambia kuacha tu haitoshi, matangazo yajayo yaseme wazi haizuii, mpaka zitumike dola milioni 10. Yaani unalipia hela yako mwenyewe kujikanusha.

Hatua ya 3. Bei. Usipandishe Jumatatu ili uishushe Ijumaa uite punguzo. Umoja wa Ulaya tangu Mei 2022 ukitangaza punguzo lazima ile bei ya zamani unayoionyesha iwe ya chini kabisa uliyouzia ndani ya siku 30 kabla ya kuishusha. Hata kama hauko huko, ni kipimo kizuri cha kujihoji.

Hatua ya 4. Ofa, zawadi na neno BURE. Hapa ndipo nilipoanguka mimi kwa hiyo vumilieni.

Mteja mmoja alikuwa na blenda kama 200 na pasi 60 zilizomganda stoo. Nikaandika kwa mbwembwe zote: "KILA anayenunua blenda anaondoka na pasi BURE!" Chini nikabandika vigezo na masharti kuzingatiwa kwa sababu kila mtu anabandika. Siku ya tatu pasi zimeisha, watu bado wanakuja na wameshalipa. Mama mmoja akatoa simu, alikuwa amelipiga picha lile bango, akalikuza kwa vidole viwili mpaka kwenye ile kona, akamuuliza muuzaji kwa upole kabisa: "Hivyo vigezo viko wapi mwanangu, nivizingatie?" Muuzaji akampigia bosi, bosi akanipigia mimi, na mimi sikuwa navyo. Havikuwepo popote. Hakuna aliyewahi kuviandika! Tuliishia kununua pasi za rejareja kwa mshindani tukazigawa, na malipo yangu yakaishia humo humo.

Na usidhani ni mambo ya wadogo. Mwaka 1891 kampuni ya Carbolic Smoke Ball ya London ilitangaza itamlipa pauni 100 yeyote atakayetumia kile kidude chao (kimpira chenye dawa ya kuvuta puani) kama walivyoelekeza halafu apate mafua. Bi Louisa Carlill akatumia, akaugua, akadai chake. Kampuni ikajitetea kwamba yale yalikuwa majigambo ya biashara tu, lakini Desemba 1892 Mahakama ya Rufaa ikasema ile ni ahadi, lipeni. Miaka 100 baadaye, 1992, Hoover ya Uingereza ikaahidi tiketi mbili za ndege kwenda na kurudi, mwanzo Ulaya baadaye mpaka Marekani, kwa anayenunua bidhaa za pauni 100 tu. Tiketi zilikuwa ghali kuliko bidhaa! Watu wakanunua mashine za kufyonza vumbi wasizozihitaji ili wapande ndege, hasara ikafika karibu pauni milioni 50, na 1995 biashara yao ya Ulaya ikauzwa.

Sasa tahadhari, zishike:
– "Kila" na "wote" ni maneno ya hatari. Andika idadi: pasi 60 za kwanza.
– Weka tarehe ya mwisho, na useme zawadi ikiisha kabla inakuwaje.
– Sharti linalobadilisha ofa likae JIRANI na neno bure, sio kwenye kona. Watu wa sheria wanaangalia mtu wa kawaida akiliona tangazo anaelewa nini kwa ujumla, na maandishi madogo hayawezi kukanusha yale makubwa. Kwenye redio vilevile, yule jamaa anayesoma masharti kama anakimbizwa na mbwa hakusaidii.
– Masharti yenyewe YAWEPO. Yaandikwe, yawe na mahali pa kusomeka.

Hatua ya 5. Unayemlipa akusifie aseme kalipwa. Bidhaa ya bure nayo ni malipo.

Hatua ya 6. Namba za simu na barua pepe za watu sio zako. Uwe na ruhusa, na kila meseji iwe na njia ya kujitoa inayofanya kazi kweli. Sheria ya Ulaya ya data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 ina faini mpaka euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya kampuni ya mwaka mzima duniani kote, kile kikubwa kati ya hivyo viwili.

Hatua ya 7. Hifadhi skrinshoti ya kila tangazo na tarehe yake.

Haya, maswali.

—

Kibuyu Kitupu: Mkuu nimepitia haraka haraka, kwa hiyo nikiweka vigezo na masharti niko salama?

Mwandishi: Rudi hatua ya 4. Safari hii polepole.

Jembe la Mauzo: Mimi natuma meseji kwa watu kama elfu tatu hivi, nchini kwangu inaruhusiwa?

Mwandishi: Nchi gani? Unauza nini? Namba umezitoa wapi?

Jembe la Mauzo: Namba niliuziwa na jamaa. We jibu tu inaruhusiwa au hairuhusiwi, mbona unanihoji kama polisi

Mwandishi: Mimi nakuhoji bure. Wenyewe wakikuhoji utakuwa na wakili pembeni, na yeye analipwa.

Dada wa Hesabu: Somo zuri, asante. Ila nimekwama. Hatua ya 2 umesema majigambo ni ruksa, halafu hatua ya 4 ile kampuni ya pauni 100 ilijitetea ni majigambo ikashindwa. Mpaka uko wapi?

Mwandishi: Dada, nilikuwa nasubiri mtu aulize hili. Kilichowamaliza ni wao wenyewe: kwenye tangazo lile lile waliandika wameweka pauni 1,000 benki kuonyesha hawatanii. Majaji wakasema mtu anayetania haweki hela benki. Linganisha na kesi ya Pepsi. Miaka ya 1990 tangazo lao la TV lilionyesha ukikusanya pointi milioni 7 zinazokuja na soda zao unapata ndege ya kivita aina ya Harrier. Kijana mmoja akagundua pointi zinaweza kununuliwa kwa senti 10 kila moja, akatafuta wa kumchangia, akapeleka hundi ya kama dola laki 7. Ndege yenyewe thamani yake ni mamilioni mengi. Mwaka 1999 mahakama New York ikasema hakuna mtu mwenye akili timamu angeamini kampuni ya soda inagawa ndege ya kivita. Kwa hiyo mimi nikiwa na wasiwasi naangalia vitu viwili: inaaminika? na je mimi mwenyewe nimeongeza kitu cha kufanya iaminike, kama namba, tarehe, hela? Cha kuchekesha Pepsi waliliendesha tena lile tangazo pointi wakizifanya milioni 700. Kwa hiyo walishinda ila na wao waliogopa.

Msema Ovyo: Mbona Red Bull, wale wa kinywaji chenye msemo "inakupa mabawa", walilipa mamilioni kisa mtu hakuota mabawa? Huo ndio utani wenyewe

Mwandishi: Hii hadithi imezunguka mno. Mabawa hayakuwa shida. Malalamiko yalikuwa kwamba wanatangaza kinywaji kinaongeza nguvu na umakini kuliko vyanzo vingine vya kafeini kama kahawa, bila ushahidi. Hatua ya 2 hiyo. 2014 wakakubali kutoa dola milioni 13 yaishe, bila kukiri kosa.

Mzee wa Stoo: Tuseme ukweli kijana, hizi sheria zinatubana sisi wadogo, wakubwa faini kwao ni hela ya vocha.

Mwandishi: Mzee shikamoo. Kuna ukweli, ile asilimia 4 ya mauzo iliwekwa kwa sababu hiyo hiyo. Ila usisahau upande wa pili, mshindani akitangaza uongo wateja anawatoa kwako. Marekani tangu 1946 wana sheria inayoruhusu mfanyabiashara kumshitaki mwenzake kwa hilo.

Dada wa Hesabu: Na hatua ya 5, mtu akiandika tu "tangazo" kwenye posti inatosha?

Mwandishi: Kwa sabuni mara nyingi ndiyo. Kwa uwekezaji inaweza isitoshe. Kim Kardashian, yule nyota wa TV wa Marekani, aliweka alama ya tangazo kwenye posti ya sarafu ya kidijitali, ila sheria ya mitaji ya Marekani inataka useme na umelipwa kiasi gani. Alilipwa dola 250,000, na 2022 akakubali kulipa dola milioni 1.26.

Mzee wa Stoo: Marahaba. Basi na mimi nichangie. Bango langu likitoka kwa dizaina nampa kwanza kijana wa kaunta, nalificha baada ya sekunde chache, namwambia niambie umeahidiwa nini. Akisema kitu ambacho sikumaanisha, linarudi.

Mwandishi: Mzee hii naiiba. Ningekuwa nayo enzi za zile pasi.

Kibuyu Kitupu: Haya nimesoma polepole. Sasa masharti niandike kwa herufi za ukubwa gani?

Mwandishi: Lifungue kwenye simu kama mteja atakavyoliona, usilikuze. Ukisoma BURE uwe unasoma na sharti lake.

Kibuyu Kitupu: Nimejaribu. Hata hiyo BURE siioni

Mwandishi: Hilo sasa kaongee na dizaina wako.