Mabaka ya Kuwasha Yanayorudi Kila Mara: Jinsi ya Kuyatibu na Kuyadhibiti

Hapa Kigoma mtu akianza kuvimba mabaka yanayowasha, kitu cha kwanza kulaumiwa ni dagaa. Akiacha dagaa na mabaka yakaendelea, anaambiwa aache migebuka, kisha mayai, kisha karanga, mpaka chakula chenyewe kinakuwa adhabu na mwili unadhoofu. Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye mabaka yake yametoka karibu kila siku kwa zaidi ya wiki 6, hali ambayo madaktari huiita urtikaria sugu. Kwa mtu huyo chakula ni nadra sana kuwa chanzo, na matibabu yanayomfaa ni tofauti na ya mtu aliyevimba mara moja baada ya kula kitu kisichompatana.

Anza kwa kuhakikisha kwamba unachokiona ni urtikaria kweli. Baka lake ni uvimbe wa juu ya ngozi, wenye kingo zinazoonekana na muwasho mkali, unaoweza kuanzia ukubwa wa punje ya harage hadi upana wa kiganja. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa kwa vidole na utazame ngozi kutoka ubavuni mwanga unapoipiga. Kisha chukua kalamu ya wino, zungushia mstari baka moja lililotoka sasa hivi, na ulitazame tena kesho yake saa ileile. Baka la urtikaria kwa kawaida hutoweka ndani ya saa 24 bila kuacha alama, hata kama mengine yamechomoza pembeni. Likiwa bado lipo ndani ya mstari uleule, likiuma kuliko kuwasha, au likiacha doa kama la damu iliyovilia, nenda hospitali ukalieleze hivyo hivyo, kwa sababu huenda mishipa midogo ya damu ndiyo iliyoathirika na kipande kidogo cha ngozi kitahitaji kupimwa.

Kinachotokea ndani ni hiki: katika ngozi kuna seli zinazohifadhi kemikali iitwayo histamini, na zinapoimwaga, mishipa midogo huvujisha maji, ngozi huvimba na neva huleta muwasho. Kwa wagonjwa wengi wa muda mrefu seli hizo huchokozwa na kinga ya mwili wao wenyewe, wala si kitu walichokila au walichokigusa. Ndiyo maana dawa za kienyeji za kusafisha "damu chafu" hazigusi tatizo. Mzio wa kweli wa chakula una tabia yake: hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula, na hurudi kila chakula hicho kinapoliwa. Kama jana ulikula dagaa wa Kibirizi ukalala salama, na leo umeamka umevimba kabla ya kutia kitu kinywani, waache dagaa waendelee kuwa kitoweo chako.

Vipo hata hivyo vitu vinavyoyachochea mabaka kwa mtu ambaye tayari anayo. Vya kwanza kuchunguza ni dawa za maumivu, hasa aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua dukani kwa ajili ya mgongo au kichwa bila kufikiri kwamba zina uhusiano na ngozi. Parasetamoli kwa kawaida ndiyo mbadala salama zaidi. Pombe, joto kali, msongo wa mawazo na homa za maambukizi nazo huzidisha hali. Wapo pia ambao mabaka yao hutokana na mguso wa kimwili. Ukipitisha mpini wa kijiko kwa kukaza juu ya ngozi na mstari ukavimba ndani ya dakika 10, unafahamu kwamba nguo za kubana na kujikuna ndivyo vinavyokutesa. Anayebeba mizigo anaweza kuvimba mabegani saa kadhaa baada ya kuitua, na anayetoka jasho hupata vipele vidogo vingi. Anayevimba kwa baridi awe mwangalifu kuliko wote, kwa kuwa kujitosa ziwani mwili mzima kunaweza kumwaga histamini nyingi kwa mara moja, akazimia majini. Mtu huyo asiogelee peke yake, na aende kwa daktari kabla ya kurudi majini.

Sasa dawa, na hapa ndipo wengi wanapopoteza miezi. Msingi wa matibabu ni dawa za kuzuia histamini zisizoleta usingizi sana, kama setirizini au loratadini, kidonge kimoja cha miligramu 10 kwa siku kwa mtu mzima. Zinapatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa. Jambo la kushika ni kwamba humezwa kila siku, mabaka yawepo yasiwepo, kwa sababu kazi yake ni kuizuia histamini kabla haijafika inapofanyia kazi. Anayesubiri avimbe ndipo ameze huwa amechelewa. Zipe wiki 2 hadi 4. Zisipotosha, daktari anaweza kupandisha dozi hatua kwa hatua hadi mara nne ya ile ya kawaida, lakini usipandishe mwenyewe, na mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, anayenyonyesha au mzazi wa mtoto mdogo aulize kwanza kuhusu dawa na kipimo.

Piriton inajulikana na kila mtu, ila siipendekezi kwa matumizi ya kila siku. Inaleta usingizi na kupunguza umakini, jambo la hatari kwa dereva wa bodaboda na kwa mvuvi anayekesha ziwani na taa zake. Kuhusu sindano za deksamethasoni na vidonge vya prednisoloni nasema kwa msisitizo zaidi: vinatuliza haraka, na ndiyo maana watu huvirudia, lakini vikitumika kwa miezi hupandisha shinikizo la damu na sukari, hudhoofisha mifupa na kushusha kinga. Daktari anaweza kuviandika kwa siku chache, zisizozidi 10 hivi, wakati mlipuko ni mkali, na baada ya hapo vikome.

Wakati dawa inafanya kazi, poza ngozi kwa khanga iliyolowekwa maji ya kawaida, paka losheni ya kalamaini, vaa pamba isiyobana, oga maji yasiyo ya moto na ukate kucha fupi.

Nunua daftari dogo. Kila jioni andika alama mbili: ya mabaka, 0 kama hakuna, 1 kama hayafiki 20, 2 kama ni 20 hadi 50, na 3 yakizidi hapo, kisha ya muwasho, 0 hadi 3 kwa ukali wake. Jumlisha za siku 7. Jumla kubwa kabisa ni 42, na iliyo chini ya 7 inaonyesha kwamba ugonjwa umedhibitiwa vizuri. Daktari wa hospitali ya Maweni atakayeliona daftari hilo ataamua dozi kwa uhakika zaidi kuliko akisikia tu kwamba "bado inawasha".

Vipimo vinavyohitajika si vingi: picha kamili ya damu, kipimo cha uvimbe mwilini, na tezi ya shingo ikiwa kuna dalili zake. Kwa wakazi wa mwambao wa ziwa, kupima choo kwa ajili ya minyoo na kichocho ni jambo la busara. Vikionekana vitibiwe, ingawa si lazima mabaka yaondoke navyo. Dozi ya juu ikishindwa, omba rufaa kwa mabingwa wa ngozi, kama walioko katika hospitali za Bugando Mwanza au KCMC Moshi. Huko ndiko hufikiriwa siklosporini, inayohitaji kufuatilia figo na shinikizo la damu, au sindano ya omalizumabu ya miligramu 300 kila wiki 4, ambayo ni ghali mno.

Midomo na kope kuvimba pamoja na mabaka hutokea mara nyingi na kwa kawaida hupungua. Lakini ulimi ukivimba, sauti ikikauka, pumzi ikibana au mtu akitaka kuzimia, hiyo ni dharura ya kuchomwa adrenalini pajani, na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu papo hapo. Anayevimba midomo bila mabaka yoyote huku akitumia captopril au enalapril kwa ajili ya presha amwone daktari siku hiyohiyo, maana dawa hizo zinaweza kuwa ndizo chanzo.

Wagonjwa wengi hupona, baadhi ndani ya mwaka na wengine baada ya miaka 2 hadi 5. Ukikaa takribani miezi 3 bila baka, kubaliana na daktari wako kupunguza dozi kidogo kidogo, na mabaka yakirudi, rudi kwenye dozi ya mwisho iliyoyazuia.