Kabla Hujabadilisha Kioo: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu ya Skrini kwenye Laptopu ya Michezo

Laptopu ya michezo inapoanza kuonyesha mistari, kupepesa, au kubaki nyeusi huku feni zikizunguka, jambo la kwanza utakaloambiwa kwenye meza nyingi za mafundi jijini Mwanza ni kwamba kioo kimekufa na kinatakiwa kubadilishwa. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo, kabla picha haijafika kwenye kioo, imetengenezwa na kadi ya grafiki, imeongozwa na draiva (programu inayoiendesha kadi hiyo), na imepita kwenye waya mwembamba unaopenya ndani ya bawaba za mfuniko. Hitilafu ikitokea popote katika njia hiyo huonekana pale pale kwenye kioo, na anayekibadilisha bila kuhakikisha anaweza kulipia kifaa kipya kisha akarudi nyumbani na mistari ile ile. Mtu wa Ukerewe, ambaye hana budi kupanda kivuko kutoka Nansio ili amfikie fundi, huumia zaidi, kwa sababu hulipa na nauli ya kurudia. Vipimo vifuatavyo havihitaji bisibisi, na vyote vinafaa kufanywa kabla ya safari.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa, zima mashine, chomoa chaja, flashi na kipanya, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa takribani sekunde 30 ili chaji iliyosalia kwenye saketi iishe. Rudisha chaja na uwashe. Mashine iliyogoma baada ya umeme kukatika na kurudi ghafla mara nyingi huamka kwa njia hii. Ikiwa unasikia mlio wa Windows lakini huoni kitu, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, ambavyo huianzisha upya draiva ya grafiki bila kufunga kazi zako. Ikishindikana, ingia kwenye chumba chenye giza na umulike kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona kivuli hafifu cha maandishi au alama za programu, basi picha inafika, ila taa ya nyuma ya kioo haiwaki.

Kwa mistari na rangi zilizoharibika, kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni picha ya skrini. Bonyeza Windows pamoja na PrtSc, tuma picha hiyo kwenye simu yako, na uitazame huko. Ikiwa mistari imo ndani ya picha, chanzo ni kadi ya grafiki au draiva, na kioo kipya hakitakusaidia chochote. Ikiwa picha ni safi, mashaka makubwa yanahamia kwenye waya au kioo chenyewe. Hakikisha zaidi kwa kuunganisha laptopu na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI, kisha bonyeza Windows na P ili uchague kuonyesha pande zote mbili.

Hapa laptopu ya michezo inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa aghalabu ina kadi mbili: moja ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na nyingine kubwa ya NVIDIA au AMD. Katika modeli nyingi, tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi kubwa, ilhali kioo cha laptopu hupokea picha kupitia ile ndogo. Kwa hiyo televisheni ikikataa huku kioo kikiwa kizima, chunguza kwanza kadi kubwa na draiva yake kabla ya kulaumu waya wa HDMI. Vilevile fungua ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, wakati wa kuwasha, kwa kawaida kwa F2 au Delete. Mistari inayoonekana humo, kabla Windows haijapanda, haisababishwi na draiva ya Windows.

Draiva ikishukiwa, pakua mpya kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu kabla ya kuifuta ya zamani. Faili la NVIDIA linaweza kuzidi megabaiti 600, hivyo andaa bando la kutosha.

Tatizo linalojitokeza baada ya kucheza kwa muda, kisha likatoweka mashine ikipoa, lichukuliwe kuwa ni la joto mpaka ithibitike vinginevyo. Kadi ya laptopu kufika nyuzi 75 hadi 85 za Selsiasi mchezoni ni kawaida. Ikikaa juu ya 90, huenda njia ya hewa imeziba. Katika nyumba zilizo karibu na ziwa, ambako wadudu hufuata taa usiku, tope la vumbi na mabawa yao hujikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba. Fundi anapopuliza kwa blowa, aizuie feni kwa kijiti isizunguke kwa kasi ya upepo huo, kisha abadilishe pesti ya kupitishia joto iliyokauka.

Waya nao hujifichua kirahisi: fungua na funga mfuniko polepole, ukisimama kila baada ya kipande kidogo. Picha ikipotea au kurudi kwa pembe fulani, mwambie fundi achomoe na kuchomeka upya waya huo, au aubadilishe, kwanza.

Ukithibitisha kwamba ni kioo, soma namba ya modeli iliyobandikwa nyuma yake na utafute inayolingana nayo. Ukubwa wa inchi 15.6 hautoshi kuwa kigezo, kwani vioo vya herzi 144 (yaani vinavyobadilisha picha mara 144 kwa sekunde) kwa kawaida hutumia kiunganishi cha pini 40 na vingi vya herzi 60 kile cha pini 30. Kabla ya kulipa, fungua mipangilio ya skrini, nenda kwenye mipangilio ya kina ya onyesho (Advanced display), na usome herzi zilizoandikwa. Kama kilichotoka kilikuwa cha 144 na sasa unaona 60 pekee, umewekewa kioo cha daraja la chini. Kikatae hapo hapo mezani.