Jinsi ya kupinga makadirio ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kuanzia pingamizi mpaka Bodi ya Rufani

Watu wengi wakiletewa makadirio makubwa ya kodi akili inaruka moja kwa moja mahakamani, eti nawafungulia kesi Mahakama ya Wilaya tuone. Huko utapoteza muda na hela ya wakili bure, maana migogoro ya kodi zinazosimamiwa na TRA haianzii mahakama za kawaida, ina njia yake: pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, halafu Bodi ya Rufani za Kodi, halafu Baraza la Rufani za Kodi, mwisho kabisa ndo Mahakama ya Rufani. Kuruka ngazi hakuna. Na kama ugomvi wako ni ushuru wa huduma wa halmashauri, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Cha kwanza angalia tarehe uliyopokea barua ya makadirio, kuanzia hapo una siku 30 za kupeleka pingamizi na Jumapili zimo humohumo. Mimi yangu dogo wa dukani aliipokea, akasaini, akaibana chini ya daftari la madeni, nimekuja kuiona siku ya 12 wakati natafuta deni la mtu, na hizo siku 12 hakuna wa kukurudishia. Sasa hivi kila barua inayoingia naandika tarehe kwa peni juu ya bahasha na kuipiga picha hapohapo. Kama uliumwa au ulikuwa nje ya nchi unaweza kuomba kwa maandishi uongezewe muda, ila ombi lipeleke kabla siku hazijaisha na weka ushahidi, karatasi za hospitali au kurasa za pasipoti zenye mihuri.

Kwenye pingamizi lenyewe usiandike "kodi ni kubwa sana, biashara ngumu", hiyo ni malalamiko tu. Sema kipengele gani unakipinga, kwa nini, na kodi sahihi kwa hesabu zako ni shilingi ngapi. Tuseme mkaguzi kachukua statimenti ya benki akajumlisha kila hela iliyoingia akaihesabu mauzo. Basi kaa na hiyo statimenti, kila mstari unaoupinga upe namba: hii 3,000,000 ni mkopo, mkataba wake kiambatisho namba 1, hii 800,000 niliihamisha toka akaunti yangu nyingine, kiambatisho namba 2, hii ni ya mteja aliyerudisha mzigo akarudishiwa hela yake, risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kielektroniki) na notisi ya marejesho hizo hapo. Inachosha, nakubali, lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni wa kwako wewe mlipakodi, na hapo ndo kesi nyingi zinapofia.

Halafu kuna hela. Pingamizi halipokelewi mpaka ulipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au ile sehemu usiyoipinga, inayochukuliwa ni ile kubwa. Umekadiriwa 12,000,000 na wewe unakubali 2,000,000 tu, theluthi ni 4,000,000 kwa hiyo unalipa 4,000,000. Ukikubali 7,000,000 unalipa hiyo 7. Kama huna uwezo unamwandikia Kamishna kuomba apunguze au asamehe hiyo amana, utoe sababu zinazoeleweka, na ufanye mapema kabisa, siyo siku ya 29 jioni. Ukishawasilisha hakikisha unabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa au uthibitisho wa mfumo.

Baadaye Kamishna akiwa na mpango wa kukataa au kurekebisha kidogo anakuandikia kusudio lake na unapewa siku 30 za kujibu. Wengi wanaidharau hii barua, wanaona si wameshaamua, wakati ndo nafasi ya mwisho ya kuongeza karatasi kabla hajatoa uamuzi wa mwisho.

Uamuzi ukitoka na hujaridhika unaenda Bodi, na hapa kuna mtego. Notisi ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 30, rufaa yenyewe siku 45, na zote zinaanza kuhesabiwa siku ileile uliyopokea uamuzi. Siyo 30 kisha 45 nyingine! Ukipeleka notisi siku ya 30 umebakiwa na 15 tu za kuandaa sababu za rufaa na vielelezo, na nakala lazima Kamishna naye apelekewe. Bodi makao yake ni Dar ila huwa inasikiliza mashauri na mikoani pia. Unaweza kujisimamia mwenyewe, ila kama hela inayobishaniwa ni nyingi tafuta wakili au mshauri wa kodi aliyeshasimama Bodi, maana wakili mzuri wa kesi za viwanja anaweza kupotea kabisa huku.

Ukishindwa, omba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri siku hiyohiyo kwa barua, utavihitaji ukienda Baraza na siku zinakimbia. Kutoka Baraza kwenda Mahakama ya Rufani wanasikiliza hoja za kisheria tu, kwa hiyo ule mkataba wa mkopo uliousahau nyumbani siku ya Bodi, huko hakuna atakayeufungua.