Una Crohn na unacheza mpira? Angalia dawa za maumivu

Kama umeambiwa juzi tu kwamba una ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa muda mrefu ndani ya utumbo, na wewe ni mtu wa mpira au mbio, anza kwa kukagua begi lako la mazoezi. Diklofenaki na ibuprofeni, zile tunazomeza goti likiuma, zinaweza kuuamsha ugonjwa hata utumbo ukiwa umetulia. Mwambie mfamasia una Crohn. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli huwa salama zaidi. Mazoezi usiyaache. Siku tumbo likichafuka, tembea tu, weka kando maharage na mahindi ya kuchoma, na ukiharisha kunywa ORS kidogo kidogo. Sigara, ndugu yangu, acha kabisa, inauzidisha ugonjwa huu. Dawa za daktari endelea nazo hata ukijisikia mzima.