Chagua kasiba kwa kuangalia risasi utakayopiga

Kabla ya kuagiza kasiba (mtutu) mpya ya bunduki, amua kwanza aina ya risasi: ukitumia zilizovikwa shaba, kasiba yenye tundu la pembe nyingi inafaa, ukipiga za madini ya risasi matupu (Kiswahili kimeviita vitu hivi viwili kwa jina moja), chukua ya mifuo ya kawaida, yaani mifereji iliyochongwa ndani ya kasiba ili kuizungusha risasi. Tundu la pembe nyingi halina mifuo yenye kona kali bali miinuko iliyoviringana, hivyo masizi hayapati pa kujificha na kitambaa cha kusafishia hupita kwa wepesi. Lakini risasi laini huweza kuacha utando wa kijivu mbele ya chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa), tundu likabana na shinikizo likapanda, na ndiyo maana Glock iliwaonya watumiaji wa bastola zake za namna hiyo wasitumie risasi zisizovikwa. Kanuni hii haimsaidii anayetafuta shabaha pekee, kwani PSG1, bunduki ya wadunguzi ya Ujerumani, ina tundu la pembe nyingi ilhali bunduki nyingi za mashindano zina mifuo ya kawaida, na hapo ustadi wa fundi aliyetoboa kasiba ndio unaoamua. Wala haiihusu bunduki ya Whitworth ya karne ya 19, ambayo risasi yake ya madini hayo hayo ilifinyangwa kwa pembe 6 ili ikae sawasawa na tundu lake.