Kizulu darasa la 12: vitabu viishe kabla ya Juni

Kama una mdogo wako Afrika Kusini anayesoma Kizulu kama lugha ya nyumbani, mhimize amalize riwaya na tamthilia kabla ya likizo ya Juni. Septemba kuna mtihani wa majaribio, Oktoba na Novemba wa taifa. Muda wa kusoma kitabu kizima haupo tena.

Insha ndiyo wengi huipuuza, na inaniuma, maana karatasi ya tatu, ya uandishi, ina alama 100, ya fasihi 80, ya lugha 70. Aandike moja kila wiki mbili, isahihishwe, kisha aiandike upya. Kuzungumza Kizulu nyumbani hakutoshi: "ngiyamthanda" (ninampenda) ni neno moja, lakini hata wasemaji wazuri huweza kulikatakata wakiandika.