SOMO: Moteri inapiga tak-tak juu? Soma hapa kabla hujanunua arbakamu

Wiki hii peke yake watu wanne wamenitumia sauti ya moteri kwenye WhatsApp, na wote swali ni moja: "Yaya (kaka), hii ni nini?" Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Maneno kwanza, maana humu kuna watu wa Dar na Kigoma. Sisi wa Lubumbashi ufundi tuliupokea kwa Kifaransa. Moteri ndiyo injini. Arbakamu ndiyo kamshafti yenu, ule mtaimbo wa juu wenye vinundu (kamu) vinavyofungua supapu, yaani valvu. Kilbiteri ndiyo roka, mkono unaokanyagwa na kamu ili usukume supapu. Kilasi ndiyo silinda hedi, kichwa cha moteri. Krepini ni lile chujio la wavu ndani ya karteri (bakuli la mafuta chini ya moteri), pampu inanyonyea mafuta hapo. Msinisahihishe.

1. Egesha mahali tambarare, pima mafuta ya moteri kwa kijiti. Yakiwa chini, ongeza, kisha sikiliza upya.

2. Sikiliza vizuri. Arbakamu inazunguka mara moja wakati moteri chini imezunguka mara mbili, kwa hiyo mlio wake ni mwembamba, unatoka juu, na hauendi mbio kama moteri yenyewe. Kishindo kizito cha chini ni kusinete za biele (beringi za konrodi). Zima, usiendeshe hata mpaka nyumbani. Tak-tak inayopotea moteri ikipata moto, angalia jwe ya eshapma (gasketi ya ekzosi) kwanza. Na moteri zinazopuliza esansi (petroli) moja kwa moja ndani ya silinda, enjekta zake hulia kwa asili. Weka turnevisi (bisibisi) ndefu juu ya kifuniko, mpini sikioni, hamia silinda kwa silinda.

3. Mwaga mafuta, toa filtri (chujio la mafuta), ikate. Panua karatasi yake juu ya kitambaa cheupe, pitisha sumaku. Unga unaoshika sumaku ni chuma: arbakamu, kilbiteri, shene (mnyororo). Unaong'aa usioshika ni kusinete au aluminiamu. Filtri ya dola chache inakupa habari ambayo mwenye gari hawezi kukuficha.

4. Toa bobini (koili za plagi), fungua kifuniko cha kilasi.

5. Zungusha moteri kwa ufunguo kwenye buloni (bolti) ya puli ya chini, upande wake wa kawaida, uone kila kamu. Mstari unaong'aa si ugonjwa. Vishimo, mikwaruzo inayokamata ukucha, ncha iliyobapa: hiyo imekwisha. Ukibisha, pima urefu wa kamu zote za kuingiza hewa kwa kalipa. Ni mapacha, iliyoliwa itajitaja yenyewe. Kilbiteri zenye gurudumu, zungusha kila gurudumu kwa kidole. Likikwama au likicheza juu-chini, visindano vya ndani vimeliwa. Gurudumu lililokwama haliviringiki tena, linasugua, na kamu haikai siku nyingi.

Kwa wenye moteri ya Toyota 1NZ (Vitz, Probox): humo hamna kilbiteri, kamu inakanyaga puswari (kikombe kilicho juu ya supapu) moja kwa moja. Pima nafasi kati ya kamu na puswari moteri ikiwa baridi: kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, kutoa moshi 0.25 hadi 0.35. Wenye 2ZR (Allion, Premio na Corolla nyingi za baada ya 2007) mna kilbiteri za gurudumu na vidhibiti vinavyojirekebisha kwa mafuta. Hakuna reglaji (kurekebisha nafasi kwa mkono). Msiniulize reglaji.

6. Tafuta nani ameiua. Hapa ndipo mimi nilianguka, tena mara mbili kwenye gari moja.

Ilikuwa Allion ya mzee mmoja wa Kampemba anayefanya safari za Kasumbalesa. Ilikuja inalia, nikafungua, kamu mbili za kutoa zimebapa, kilbiteri zake zimekwama. Nikaweka arbakamu ya okazyo (iliyotumika) na kilbiteri zake, nikafunga, ikanyamaza, nikalipwa. Mwezi haukuisha ikarudi inalia vilevile, kamu zilezile. Mzee hakunifokea, alikaa tu kwenye kiti cha plastiki akanitazama, na ingekuwa afadhali angefoka. Ndipo nikashusha karteri. Krepini ilikuwa imezibwa zaidi ya nusu: masizi meusi, na katikati yake vipande vya silikoni nyekundu (gundi ya kuzuia kuvuja) kama minyoo. Nikataka kumlaani fundi aliyepaka silikoni hiyo. Halafu nikakumbuka: mwaka uliopita karteri ile ilivuja, na aliyeifunga ni mimi. Nilipaka kama siagi juu ya mkate. Iliyobanwa nje niliifuta, ya ndani ilikatika ikaenda kunyonywa. Arbakamu ya kwanza niliiua mimi, ya pili nikaileta mwenyewe ife.

Basi, kabla ya kununua chochote:

– Shusha karteri, tazama krepini kwa macho yako. Usiambiwe.
– Silikoni ni uzi mwembamba, milimita mbili au tatu. Kwa 2ZR hata nyumba ya arbakamu inafungwa kwa silikoni, kwa hiyo kosa hili unaweza kulifanya juu na chini.
– Puliza njia za mafuta za kilasi kwa hewa. Kwenye moteri za VVT (zinazobadilisha wakati wa kufungua supapu) kuna kichujio kidogo cha wavu kwenye njia inayokwenda kwenye valvu ya mafuta. Wengi hawajui kiko.
– Funga geji ya presha mahali pa swichi ya mafuta, linganisha na kitabu cha moteri yako. Taa nyekundu ya dashibodi si geji. Inawaka presha ikiwa karibu imekwisha kabisa, na kilasi inaanza kuona njaa kabla ya hapo.

7. Kufunga. Arbakamu mpya haikai na kilbiteri zilizokula ile ya zamani. Zinazorudi zirudi palepale zilipotoka. Mimi nazipanga kwenye trei ya mayai niliyoandika namba. Paka mafuta mazito ya kufungia kwenye kila kamu. Buloni za vifuniko zikaze kidogo kidogo kwa zamu, kufuata mpangilio wa kitabu, na kle dinamometriki (spana ya kupimia nguvu ya kukaza). Arbakamu ni chuma cha kumimina: ukikaza upande mmoja wakati supapu zinasukuma upande mwingine, inavunjika, na hutapata nyingine Jumapili.

8. Toa fyuzi ya pampu ya esansi, piga starta vipindi vifupi mpaka taa ya mafuta izime. Halafu rudisha, washa. Mafuta hayo yamwage mapema, baada ya kilomita 500.

MASWALI

Katuba Boy: Yaya kamu moja tu njo imekwisha, kilbiteri ziko bien. Nabadirisha arbakamu tu?
Jibu: Hatua ya 7, sentensi ya pili.

Fundi Ruashi: Mkubwa, somo refu sana. Sisi tunatia 20W-50 sauti inaisha, mteja anaenda.
Jibu: Anaenda, ndiyo. Kisha anakuja kwangu. Asubuhi za baridi za Juni hapa kwetu, mafuta mazito yanachelewa kupanda kilasini, na dakika hiyo ndiyo kamu inakanyaga kavu. Umeizima sauti, ugonjwa umeuacha.

Katuba Boy: Lakini gurudumu zote zinazunguka muzuri kabisa.
Jibu: Umezizungusha kwa kidole au umeziona zinazunguka kwenye video niliyotumiwa?
Katuba Boy: …kesho nitafungua.

Mama Grâce: Baba fundi, aksanti. Mimi si fundi, niko na Noah ya biashara. Kitu kimoja sielewi. Kama mafuta ni kidogo kwa moteri nzima, kwa nini kamu moja ife na zingine zibaki?
Jibu: Mama, swali lako ni zuri kuliko ya mafundi wengi. Mafuta yanatoka chini, yanagawanyika njiani, kwa hiyo walio mbali wanapata makombo. Halafu uso wa kamu mara nyingi umekomazwa kwa juu tu, kama ukoko wa ugali. Ukoko ukitoboka mahali pamoja, chini ni laini, na ule unga wa chuma unazidi kusaga. Ndiyo maana haiendi sawasawa: moja inaanza, hiyohiyo inakimbia. Zingine hazijapona, bado zamu yao. Wewe fanya vidanje (kubadilisha mafuta) kila kilomita 5,000 kwa vumbi letu hili, na umwambie fundi akate filtri mbele yako.

Mwana Likasi: Na Passat dizeli 1.9 TDI yenye enjekta za pampu? Ya kaka yangu imekula arbakamu.
Jibu: Hizo zina sababu yao. Kila silinda ina kamu ya tatu ya kukanyaga enjekta, nafasi imebana, kwa hiyo kamu za supapu zilifanywa nyembamba. Uzito uleule kwenye uso mdogo. Ndiyo maana Volkswagen walitaka mafuta ya kipimo cha 505.01, si mafuta yoyote ya moteri za dizeli. Soma nyuma ya bidoni (galoni la mafuta), usisome picha ya mbele.

Mwana Likasi: Na bidoni nitaiamini vipi? Nyingine zinajazwa upya.
Jibu: Kifungo ukivunje wewe. Na bidoni yako ikiisha usiitupe nzima wala usimpe mtoto anayekusanya. Mimi naitoboa turnevisi chini, mara tatu.

Mama Grâce: Zangu zote nilikuwa namuuzia kijana mmoja anapita hapa kila Jumamosi. Kumbe.